Shoka la msasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulifua na kulitia matiko

Maswali haya yanatufikia kwa simu, kwa ujumbe, na kwa watu wanaoingia kiwandani wenyewe na kipande cha springi mkononi. Mengi yanatoka Pemba kwa kuwa ndiko tuliko, lakini wa Unguja nao hawapungui. Tumejibu kwa kumfikiria mtu anayetaka kufua shoka lake moja, kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa visiwani.

Shoka la msasi lina tofauti gani na shoka la kuni?

Shoka la kuni linapasua. Ndiyo maana huwa zito, kilo moja na nusu na kuendelea, na mashavu yake ni manene. La msasi linakata: vijiti vya kusimamishia nyavu, matawi yanayoziba njia, miba, na baadaye viungo na mifupa ya mnyama. Kichwa chake kikiwa na gramu 500 hadi 700 kinatosha. Mpini wa sentimita 40 hadi 50 utaingia kiunoni bila kukugonga goti. Uso wa makali uwe sentimita 7 hadi 9, wenye upinde kidogo, na mashavu yawe membamba.

Wembamba huo ndio unaoleta kazi. Shoka nene likikosewa moto bado litapasua kuni, maana linategemea uzito. Jembamba likikosewa litameguka au litajikunja siku ya kwanza.

Nitumie chuma gani?

Springi ya gari, ile ya pleti. Hakuna chuma kingine kisiwani kinachopatikana kirahisi na kinachofaa kiasi hicho. Springi za pleti hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kati, asilimia 0.5 hadi 0.65 hivi, pamoja na manganizi, na kromiamu au silikoni. Kaboni ndiyo inayokifanya chuma kikubali matiko, yaani kiwe kigumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Hivyo vingine vinakiwezesha kushika matiko ndani ya mafuta, bila ya kuhitaji mshtuko wa maji.

Tafuta pleti ya gari ya mizigo, yenye unene wa milimita 9 hadi 12. Ya gari ndogo ni nyembamba mno kwa shoka, ingawa kwa kisu ni nzuri sana. Ukiipata ya unene wa milimita 8, bado utatoa shoka la mkia, linalochomekwa ndani ya mpini, lakini la tundu, ambalo mpini ndio unaoingia ndani yake, sahau.

Nyundo kuukuu ya kilo moja nayo ni mali. Tundu tayari inalo, chuma chake kinakubali matiko, na kazi yako inabaki kuupanua upande mmoja uwe makali. Anayeanza kufua tunamshauri hivyo, maana kutoboa tundu kwenye chuma kinene bila msaidizi wa kupiga nyundo kubwa ni kazi ya kumvunja mtu moyo.

Nondo je? Au tupa iliyokwisha?

Nondo hapana. Kaboni yake ni ndogo, na moto wowote utakaoutia hautaibadilisha kuwa shoka. Ukiona mtu anauza shoka la nondo, lipitishe tupa kwenye makali: litalika kama msumari.

Tupa ina shida ya upande wa pili. Kaboni yake inafika asilimia moja au zaidi, kwa hiyo inashika ugumu mkali, lakini shoka linapigwa na chuma hicho hakipendi kupigwa. Ifanye kisu.

Nitajuaje kama springi niliyopewa ni nzima?

Kwanza itazame kwa macho. Springi iliyochoka huwa na nyufa ndogo, hasa kuzunguka tundu la boliti ya kati na pale pleti mbili zilipokuwa zikisuguana. Isugue kwa brashi ya waya, ipake mafuta ya taa, ifute, kisha ipake vumbi la chokaa. Penye ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chokaa. Kata sehemu hiyo uitupe. Ufa hauponi kwa kufuliwa, unaingia ndani tu.

Pili, jaribu cheche. Iguse kwa grainda mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa mistari mirefu mitupu. Chuma chenye kaboni hutoa cheche zinazochanua na kugawanyika njiani.

Tatu, na hili ndilo la kuaminika zaidi: kata kipande cha upana wa kidole, kipashe mpaka kiwe chekundu cha kung'ara, kichovye majini, kikipoa kibane kwenye jiriwa na ukipige kwa nyundo. Funika kwa kitambaa kabla ya kupiga, vipande huruka. Kikikatika ghafla, chuma kinashika matiko. Tazama na pale kilipokatikia. Chembe ndogo za kijivu, karibu usizione, ni dalili kwamba moto ulikuwa wa kiasi. Chembe kubwa zinazometameta maana yake uliunguza. Kiweke kipande hicho, utakihitaji kulinganisha baadaye.

Nina yadi ndogo tu. Nawezaje kutengeneza jiko la kufulia?

Jiko la kufulia shoka moja halizidi ukubwa wa beseni. Unahitaji shimo la kukaa mkaa kina cha sentimita 12 hivi, bomba la kupitisha upepo, na kitu cha kuvuta upepo. Wazee walitumia mivukuto ya ngozi. Siku hizi feni ya kukaushia nywele inatosha, ila ifungie kibati cha kuziba upepo nusu, maana inavuma kupita kiasi.

Mkaa wa vifuu vya nazi ni mzuri sana. Unatoa moto mkali na safi, na hautumii mti wowote. Mkaa wa kawaida nao unafaa, lakini uvunje vipande vya ukubwa wa yai la kuku.

Sasa jambo ambalo watu wa bara hawana haja ya kuambiwa: usijenge jiko kwa mawe yetu. Mawe ya matumbawe ni yale yale tunayochoma kupata chokaa. Moto wa kufulia unapita nyuzi 900, na jiwe likifika huko linageuka chokaa mbichi mbele ya macho yako, linamong'onyoka, na likinyeshewa mvua usiku linatokota. Kabla ya hapo, unyevu uliomo ndani unaweza kulirusha vipande. Matofali ya saruji nayo hupasuka. Tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu, uukandike ndani ya ringi kuukuu ya gari au karai la chuma, uuache ukauke kivulini taratibu.

Jingine: usitie motoni kitu chochote chenye zinki, bomba la maji au bati la mabati. Moshi wake mweupe unamlaza mtu na homa.

Shoka la tundu au la mkia?

La mkia ndilo la asili katika pwani hii na bara yake. Nyuma ya ubao wa shoka kunavutwa mkia mrefu uliochongoka, unaopenya kwenye kifundo kinene cha mpini. Kila ukipiga, mkia unazidi kukaza. Halihitaji kabari, halihitaji tundu, na likilegea unaligonga tu. Kwa springi ya pleti, tunalipendekeza hili bila kusita.

Lina kasoro moja. Mkia ukiwa mnene kupita kiasi unapasua mpini. Uchonge uwe na umbo la mstatili wenye pembe zilizouawa kwa tupa, upungue taratibu kuelekea ncha, na utokeze nyuma ya mpini sentimita 2 hivi.

La tundu linapendwa na waliozoea mashoka ya dukani. Mpini wake ni mwepesi kuubadilisha porini, na kisogo chake unaweza kukitumia kama nyundo. Ukilitaka, anza na nyundo kuukuu kama tulivyosema.

Nifue kwenye joto gani?

Piga chuma kikiwa cha rangi ya chungwa, acha kinaporudi kwenye wekundu uliofifia. Basi. Anayeendelea kupiga chuma kilichopoa kwa kuwa "bado kidogo tu" anatengeneza nyufa ambazo ataziona siku ya kuchovya. Na anayekiacha motoni mpaka kikawa cheupe na kuanza kurusha vinyota ameshakiunguza. Sehemu ile haina dawa ila kukatwa.

Ukitaka kukitoboa au kukikata kwa tindo na msumeno, kilainishe kwanza. Kipashe mpaka kiwe chekundu cha kung'ara, kisha kizike ndani ya majivu makavu au chokaa kavu mpaka asubuhi. Kitatoka laini hata tupa ya kawaida itakila.

Usiyamalize makali kwa nyundo wala kwa tupa kabla ya matiko. Acha ukingo wa milimita moja na nusu hadi mbili. Ukingo mwembamba kuliko huo unapoa haraka kuliko mwili wa shoka, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Kwa nini mnasema lipashwe na kupozwa mara tatu kabla ya kuchovywa?

Kwa sababu ulilipiga. Nyundo na moto mkali wa kufulia vinaacha chembe za chuma zikiwa kubwa na zisizolingana, na mivutano iliyojificha ndani. Lipashe mpaka liache kushikwa na sumaku, litoe, liweke mahali pasipo na upepo, lisubiri mpaka liwe jeusi kabisa. Rudia mara ya pili kwa moto mdogo kidogo, na ya tatu mdogo zaidi. Huko ni kuzirudisha chembe ndogo.

Watu wengi wanairuka hatua hii. Haionyeshi kitu: shoka linatoka kama lilivyoingia, na magamba juu. Lakini mashoka yanayopinda ndani ya mafuta ni hayo hayo yaliyorukishwa.

Nitajuaje joto la kuchovya bila kipimo?

Kwa sumaku na kwa macho, na macho yanataka giza. Usichovye jua la saa saba mchana, maana mwanga utakudanganya na utaunguza chuma ukidhani bado. Fanya ndani ya banda au karibu na Magharibi.

Ning'iniza sumaku ya spika mbovu kwa waya karibu na jiko. Lipashe shoka, theluthi mbili za upande wa makali ndizo zinazohitaji moto, ukiligeuzageuza ili ukingo usitangulie. Kila mara ligusishe kwenye sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika nyuzi 770 hivi. Hapo hujafika bado. Springi inataka takriban nyuzi 830, yaani wekundu unaozidi ule kidogo, na ukae hapo dakika tatu au nne joto lipenye katikati.

Ukitazama kwa utulivu utaona kitu kizuri. Chuma kinapokaribia kugeuka, kivuli cheusi kinatambaa juu ya wekundu, kinapita kutoka sehemu nyembamba kwenda nene, halafu kinatoweka na uso mzima unakuwa wa rangi moja. Kivuli hicho ni chuma kinachonyonya joto ili kubadilika ndani. Kikishamaliza kupita kila mahali, sumaku haina la kukuambia zaidi.

Nichovye kwenye maji, maji ya bahari au mafuta?

Mafuta. Hili linatuletea ubishi kila wiki, kwa hiyo tulieleze.

Chuma chekundu kikiingia majini kinazungukwa na mvuke. Mvuke ule unakizuia kupoa hapa na kukiachia pale, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Chumvi inauvunja mvuke haraka, kwa hiyo maji ya bahari yanapoza kwa nguvu zaidi kuliko ya kisima. Ndiyo maana wazee waliosema maji ya pwani yanatoa shoka gumu walisema kweli. Lakini walikuwa wakifua chuma kingine, chenye kaboni na hakina kromiamu wala silikoni, kilichohitaji mshtuko ule. Springi haiuhitaji. Ukiichovya baharini utasikia mlio mwembamba, ting, na kazi ya siku mbili imekwisha.

Mkojo pia tunaulizwa. Mkojo ni maji yenye chumvi. Uacheni.

Mafuta ya kula, ya nazi, alizeti au mawese, yote yanafaa. Yawe lita nne au tano ndani ya debe la chuma lenye mfuniko, kamwe si ndoo ya plastiki. Yapashe yawe ya moto wa kuvumilika, nyuzi 50 hadi 60; mafuta ya vuguvugu ni mepesi na yanashika chuma haraka kuliko yaliyoganda na baridi. Oili chafu ya gari inafanya kazi, lakini moshi wake ni sumu na shoka linatoka limepakaa masizi ambayo hayaondoki. Mtu anayeuliza kwa nini watu wa jirani wanamlalamikia, ajue.

Lizamishe kwa ncha ya makali kwanza, wima, mara moja bila kusita, kisha lisogeze mbele na nyuma kana kwamba unakata. Usiliyumbishe kwa ubavu, litapinda. Mafuta yatawaka juu. Ukizamisha vizuri moto unazima wenyewe. Mfuniko na ndoo ya mchanga viwe karibu. Maji yasiwepo kabisa, maana moto wa mafuta ukimwagiwa maji unapanda paani.

Tupa inateleza kwenye makali. Nimemaliza?

Hujamaliza, na tafadhali usilale kabla ya hatua inayofuata. Shoka lililotoka kwenye mafuta ni gumu kiasi kwamba likianguka sakafuni linaweza kuvunjika. Wengine wameliacha mezani usiku na asubuhi wakakuta limejipasua peke yake. Lirudishe kwenye moto wa pili ndani ya saa ileile, likishapoa kiasi cha kushikika.

Moto wa pili ni mdogo. Unapunguza ugumu kidogo na kurudisha ustahimilivu mwingi. Hapa ndipo shoka linapopata tabia yake, na hapa ndipo tunapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya misitu ya Ulaya na Marekani.

Sugua ubavu kwa msasa mpaka ung'are. Ukipasha taratibu, rangi zitapita juu ya chuma kwa mpangilio: manjano hafifu karibu nyuzi 205, manjano iliyokoza 230, kahawia 260, zambarau 280, buluu 300. Rangi ni utando tu wa juu, lakini zinakuambia joto lilifika wapi.

Sasa swali ni shoka litafanya kazi wapi. Kwa msitu wenye udongo, kama pande za Ngezi au mabonde ya mikarafuu ya magharibi mwa Pemba, simama kwenye kahawia. Makali yatakaa muda mrefu, na likikosea mti linaingia udongoni. Lakini kwa maweni, Micheweni kwetu au Makunduchi na Jambiani kwa Unguja, kila kichaka kimeota juu ya jiwe. Pigo la tatu au la nne litagusa mwamba, utake usitake. Huko vuka kahawia, vuka zambarau, simama buluu inapoanza. Makali yatajikunja badala ya kumeguka, na utayanyoosha kwa tupa ukiwa umekaa kwenye kisiki. Shoka la kahawia likigonga jiwe linatoa pengo la nusu sentimita, na kuliondoa pengo lile ni kusaga shoka zima.

Ndiyo, shoka la buluu litataka kunolewa mara kwa mara. Wasasi wa maweni wanalijua hilo na hawalalamiki. Anayelalamika ni yule anayetaka shoka gumu ili alisifie barazani.

Kwa wanaopenda tarakimu: mashoka mengi hukaa kati ya 50 na 57 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Gumu zaidi ya hapo ni la kuoneshana.

Sina oveni. Nifanyeje moto wa pili?

Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni mchanga. Jaza sufuria kuukuu mchanga mkavu (wa pwani uoshe kwa maji ya kisima kwanza, chumvi yake italeta kutu), weka juu ya jiko la mkaa, koroga mpaka uwe wa moto sawasawa, lizike shoka kisogo chini na ukingo ukitokeza. Angalia rangi. Njia hii ni ya taratibu na inasamehe.

Ya pili ni ya wahunzi wa tangu na tangu. Pasha pande la chuma kinene mpaka liwe jekundu, liweke juu ya fuawe, kisha kikalishe kisogo cha shoka juu yake. Joto linasafiri kutoka kisogoni, na rangi zinafuatana kuelekea makali: manjano mbele, kahawia nyuma yake, zambarau, buluu. Rangi unayoitaka ikigusa ukingo, zima kwa maji. Uzuri wa njia hii ni kwamba kisogo na mkia vinabaki laini kuliko makali, na ndivyo vinavyotakiwa. Ubaya ni kwamba rangi zikishaanza kukimbia hazikusubiri. Rudia mara mbili, ukisafisha kwa msasa katikati.

Mwenye oveni aweke nyuzi 250 kwa saa nzima, atoe lipoe, arudie. Kwa shoka la maweni amalizie na mchanga. Amwombe ruhusa mwenye jiko kabla. Harufu ya mafuta inakaa, na keki ya Idi itakumbuka.

Limepinda ndani ya mafuta. Naweza kulinyoosha?

Kwa baridi hapana, litakatika. Lingoje moto wa pili: likiwa kwenye joto la kahawia lifunge kwenye jiriwa katikati ya vyuma viwili vilivyonyooka, kaza, liache lipoe humo. Likigoma, lirudishe kwenye zile hatua tatu za kupoza, linyooshe likiwa jekundu, uanze matiko upya. Kupinda kunarekebishika. Ufa haurekebishiki.

Mpini wa mti gani?

Mpera, tukiulizwa tuchague mmoja. Mti wake ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, na kila kitongoji kina mpera uliozeeka. Mkwaju ni imara zaidi lakini mzito na unachosha msumeno. Mchungwa na mdimu ni mizuri ukipata tawi lililonyooka. Mvinje unapendeza kwa macho na unapasuka kwa urefu, kwa hiyo achana nao. Mikoko usiiguse, na mkarafuu haukatwi kwa ajili ya mpini.

Kata tawi lenye kifundo cha asili upande wa kichwa, lipake udongo au nta kwenye ncha zote mbili ili lisipasuke, liweke kivulini miezi kadhaa. Mti mbichi utasinyaa na shoka litacheza. Tundu la mkia litobolewe kwa kuunguza: chuma kilichochongoka cha moto kinachopenya kidogo kidogo. Moto unaukausha ukuta wa tundu na hauachi nyufa zinazoachwa na patasi. Malizia kwa kuugonga mkia wenyewe ndani, ukiwa umepashwa moto hafifu, na makali yamefungwa tambara bichi yasipoteze matiko.

Ninoe vipi, na grainda inaruhusiwa?

Kila upande uwe na mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25, na mwisho wake uwe wa duara kidogo, usiwe bapa kama wembe. Tupa kwanza, kinoo baadaye.

Grainda inaruhusiwa kwa mtu mwenye subira. Shika shoka kwa mkono mtupu karibu na ukingo. Vidole vikiona moto, chovya majini. Ukiona buluu imeruka ghafla kwenye ukingo, sehemu ile imelainika, na tupa itakuonesha hivyo.

Kutu inalimaliza wakati wa masika. Nilihifadhi vipi?

Hewa yetu ina chumvi hata ukikaa kilimani. Lifute likauke kila ukirudi, lipake mafuta, usilihifadhi ndani ya ala. Ngozi inashika unyevu, na ala ni ya safarini tu. Mafuta ya sifa, yale yanayopakwa majahazi, yanalinda chuma na mpini kuliko chochote, lakini mnyama atakunusa kabla mbwa wako hawajamnusa yeye. Grisi nyembamba inatosha.

Nikimkuta paa kwenye wavu, nimpige kwa kisogo cha shoka?

Mnyama aliyekufa kwa kupigwa ni kibudu, haliwi. Aya ya 3 ya Sura ya Al-Maida imelitaja wazi. Kisu kikali kiwe kiunoni upande wa pili, achinjwe kabla roho haijatoka. Shoka linaingia kazini baadaye, kwenye viungo. Mengine muulize shekhe wako, sisi ni mafundi wa chuma.

Na kabla ya hilo, hakikisha ni mnyama anayeruhusiwa. Paa nunga na kima punju wanalindwa.

Nahitaji kibali?

Kulifua na kuwa nalo, hapana. Kusaka na kukata miti msituni, ndiyo. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Maliasili za Misitu, Nambari 10 ya 1996, na kibali kinatoka Idara ya Misitu. Anza kwa sheha wako, atakuelekeza. Hata wanaowafukuza nguruwe wanaoharibu mihogo waulize kwanza. Ukisafiri kwa boti baina ya Pemba na Unguja, lifunge shoka ndani ya mzigo, usiingie nalo sehemu ya abiria.

Nimenunua shoka la dukani na makali yake yanajikunja. Mnaweza kulitia matiko upya?

Linaweza, ikiwa chuma chake kinakubali. Tunalijaribu kwanza kwa cheche na kwa kuchovya pembe ndogo ya kisogo. Mpini utolewe, rangi iunguzwe mbali na watu, na hatua zote zianzie kwenye kupashwa mara tatu. Mashoka mengine yana chuma kizuri ukingoni pekee, kimeunganishwa na chuma laini nyuma, na hilo si tatizo mradi ukingo haujasagwa ukaisha. Ukilileta, lilete na maelezo ya mahali unapolitumia, kwa kuwa tutakuuliza kama ni kwenye mawe au kwenye udongo kabla ya kuwasha moto.